Kimono: Jina Limefika, Vazi Limebaki Kwao



Zinapokaribia siku za Idd, mzazi aingiapo madukani kuwatafutia watoto wake nguo hukutana na majina mapya kila mwaka. Mojawapo katika miaka hii ni "kimono". Aulizapo ni nguo gani hiyo, hutolewa vazi refu la mikono mipana, lililo wazi mbele kutoka shingoni hadi miguuni, halina kifungo wala kamba, aghalabu la kitambaa chepesi kinachopeperuka, nalo huvaliwa juu ya nguo nyingine. Muuzaji atasema, "Hii ni abaya ya kimono, ndiyo inayokwenda sasa." Binti amekwisha kuipenda. Mama anasitasita. Baba anauliza bei, kisha anauliza, "Kimono si nguo ya Wajapani hiyo?"

Hapo ndipo mjadala wa nyumbani unapoanza. Mmoja atasema ni haramu, kwa kuwa ni kujifananisha na wasiokuwa Waislamu. Wa pili atasema huo ni utamaduni tu, na utamaduni hauna makosa. Wa tatu atasema nguo ni nguo, mradi mtu amevaa. Kila mmoja ana hoja yake, lakini wote watatu wanahukumu jambo ambalo hawajalitazama. Basi katika makala haya nataka tuitazame kimono yenyewe huko kwao: inavyokatwa, inavyofungwa, ilivyovaliwa na matajiri na masikini, na yaliyoipata mikononi mwa wageni na mikononi mwa wenyewe. Tukimaliza tutajua kwamba hiyo inayouzwa kwa jina hilo imechukua jina na kuacha maana, na kwamba maana iliyoachwa ndiyo iliyokuwa na faida kwetu.

NGUO YA MISTARI MINYOOFU

Neno lenyewe kwa Kijapani halina fahari. "Ki" hutokana na kuvaa, na "mono" ni kitu. Basi kimono ni "kitu cha kuvaa", kama tusemavyo sisi "vazi". Lilipata kuwa jina maalumu la nguo ya Kijapani hasa katika karne ya 19, walipofika Wazungu na suruali zao na ikabidi kupambanua nguo ya wenyeji na ya wageni. Kabla ya hapo nguo hii ilijulikana kama kosode, yaani "mikono midogo", kwa sababu ya udogo wa tundu la kutolea mkono. Ilianza kuwa nguo ya ndani ya wakubwa na nguo ya kazi ya watu wa chini. Na kufika karne ya 16 ikawa nguo ya nje ya kila tabaka, wanaume kwa wanawake.

Sasa tazama fundi anavyoishona. Hupewa jora moja jembamba, upana wake kiasi cha sentimita 36 na urefu wake kiasi cha mita 12. Jora hilo hulikata vipande 8, vyote kwa mistari iliyonyooka: viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vya kuongezea mbele ili nguo ipishane, na viwili vya ukosi. Kwapa halichongwi, kiuno hakibanwi, wala hakuna mabaki ya kutupa. Mwenye mwili mwembamba, kitambaa kilichozidi hukunjwa ndani ya mshono; mwanamke mfupi, urefu uliozidi hukunjwa kiunoni chini ya mshipi. Kwa hiyo nguo ya mama humfaa binti, na ya binti humfaa mdogo wake, bila ya kukata hata inchi moja.

Kimono nzuri ya hariri ilipochafuka, desturi ilikuwa kuifumua yote. Vipande vilishikizwa pamoja vikawa jora kama vilivyokuwa mwanzo, vikafuliwa, vikanyooshwa na kukaushwa, kisha vikashonwa upya. Palipopauka pakageuziwa ndani, na pazuri pakatokezwa nje. Ikichakaa sana ilikuwa nguo ya mtoto, baadaye mfuko au foronya, na mwisho kitambaa cha kufutia. Kwa masikini wa sehemu za kaskazini, zenye baridi kali, kiraka kilishonwa juu ya kiraka mpaka ikawa shida kujua nguo ya asili ni ipi.

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, inatuamrisha kuchukua mapambo yetu na inatukataza kufanya israfu. Na katika Surat Bani Israil, aya ya 27, wabadhirifu wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Hawa Wajapani hawakuwa Waislamu, lakini katika jambo hili la jora lisilotupwa walifanya kazi ambayo sisi tuliosomeshwa aya hizo tumeisahau. Hesabu nguo ngapi za Idd iliyopita zimo makabatini mwetu zisizovalika leo, si kwa kuchanika, bali kwa kuwa mtindo umepita.

Na sasa tazama inavyofungwa. Kimono haina kifungo. Mvaaji huchukua upande wa kulia akaulaza mwilini kwanza, kisha upande wa kushoto akaulaza juu yake, ndipo akazungushia mshipi uitwao obi, ambao kwa wanawake huweza kupita mita 4 kwa urefu. Sharti ni kushoto juu ya kulia, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kinyume chake, kulia juu ya kushoto, ni namna ya kumvisha maiti. Basi kila Mjapani aliyevaa kimono asubuhi alipambanua kwa mikono yake mwenyewe nguo ya uhai na nguo ya mauti. Sisi ambao sanda zetu zimo masandukuni hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo.

Sasa irudie ile ya dukani. Iko wazi. Vile vipande viwili vya mbele, vinavyofanya nguo ipishane, havimo. Mshipi haumo. Kwa Mjapani, mwanamke aliyetoka nje na kimono isiyofungwa ni mtu ambaye hajamaliza kuvaa. Kweli wanalo vazi linaloachwa wazi mbele, nalo ni koti lao liitwalo haori; lakini haori huvaliwa juu ya kimono iliyokwisha fungwa sawasawa. Hiyo tunayouziwa, kama ina nasaba Japani, basi nasaba yake ni haori, wala si kimono.

Wala sisemi kwamba kimono ni hijabu. Kichwa hubaki wazi, na wanawake wao hupenda kuvuta ukosi nyuma ili shingo ionekane, jambo ambalo kwao ni uzuri na kwetu halikubaliki. Tusiwasifu watu kwa jambo wasilolikusudia. Ninalosema ni kwamba kimono ya kweli ni nguo ya kufunika na kufunga, na iliyoazima jina lake ni nguo ya kufungua.

BITANA YA DHAHABU

Baadhi yetu hudhani kimono ni nguo ya kale isiyobadilika, na kwamba fesheni ni ugonjwa wa Paris na London peke yake. Hii si kweli, na maonyesho makubwa ya kimono yaliyofunguliwa katika jumba la Victoria and Albert mjini London mwezi wa Februari mwaka 2020 yalikusudia hasa kuikanusha dhana hiyo. Waandaaji wake walionyesha kwamba Japani ilikuwa na fesheni yake, iendayo mbio, karne mbili kabla ya nguo za Kizungu kuenea huko. Nakubaliana nao katika habari. Ninapotofautiana nao ni pale wanapoitaja fesheni hiyo kama kwamba ni sifa tupu. Ikiwa kimono ilikuwa fesheni, basi ipimwe kwa mizani ile ile tunayopimia fesheni nyingine.

Katika zama za watawala wa ukoo wa Tokugawa, kutoka mwaka 1603 hadi 1868, wafanyabiashara walihesabiwa kuwa daraja la chini kabisa kati ya madaraja manne, chini ya askari wa panga, wakulima na mafundi. Lakini fedha zilikuwa kwao. Mtu mwenye fedha asiye na cheo hutafuta pa kuonyesha fedha zake, nao walizionyesha mgongoni. Kuanzia miaka ya 1660 vilichapishwa vitabu vya michoro ya kimono, mke wa tajiri akichagua ua la mwaka huu na kuliacha la mwaka jana. Mwishoni mwa karne hiyo ulienea ufundi wa kuchora kwa ute wa mchele unaozuia rangi isipite, ukaitwa yuzen kwa jina la Miyazaki Yuzen, mchoraji wa vipepeo wa mji wa Kyoto. Kwa ufundi huo kitambaa kiliweza kuchorwa mto, daraja, ndege na mvua kama karatasi. Ni kazi ya ajabu, na asiyeistaajabia hajaiona.

Katika historia yao husimuliwa kisa cha mwaka 1681. Mtawala Tsunayoshi alikuwa akipita njiani katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, akamwona mwanamke amejipamba kupita kiasi, akadhani ni wa nyumba ya mmoja wa wakuu. Alipouliza akaambiwa ni mke wa mfanyabiashara aitwaye Ishikawa Rokubei. Mali ya nyumba hiyo ilitwaliwa yote, na mume na mke wakahamishwa mji. Mwaka 1683 zikatoka amri za kuwakataza watu tarizi za dhahabu na namna fulani za hariri zilizofungwafungwa kwa uzi na kutiwa rangi kwa taabu kubwa. Amri za namna hiyo zilitolewa tena na tena.

Je, israfu ilikoma? Haikukoma. Ilihama. Matajiri wakaanza kuvaa nje rangi za kahawia na kijivu, wakazigawa rangi hizo mbili mafungu mengi hata ikawa methali kwao kwamba kahawia ziko 48 na kijivu ziko 100. Ama bitana, iliyo ndani na isiyoonekana na askari, wakaitia hariri ya thamani, michoro ya wasanii mashuhuri na nyuzi za dhahabu. Mtu alipita njiani kama fakiri. Akikaa na marafiki, huvua koti lake polepole, bitana ikaonekana.

Wahakiki wa sanaa, wa kwao na wa Ulaya, huusifu mno mtindo huu. Huuita ustaarabu wa hali ya juu, uzuri usiopiga kelele. Kwa macho ya sanaa wana haki. Lakini kwa macho ya akhlaki, huyu aliyeficha dhahabu ndani ili ionekane kwa anayemtaka aione ana tofauti gani na aliyeivaa nje? Riya ni ile ile, imebadilisha upande wa kitambaa tu. Na ile serikali nayo haikutafuta haya wala stara. Ilitafuta kila mtu akae katika daraja lake, mfanyabiashara asifanane na bwana. Amri isiyo na jambo la moyoni huishia kwenye ngozi ya nguo.

Hapa ndipo ninapoikumbuka aya ya 26 ya Suratul-Aaraf, inayotaja neema ya nguo, ya kusitiri na ya kupamba, kisha ikaeleza kwamba vazi la taqwa ndilo bora. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) hakuyakataza mapambo, ameyataja kuwa ni neema. Lakini ameweka juu yake vazi ambalo ndani na nje yake ni sawasawa. Tunapowakemea mabinti zetu kwa nguo ya nje pekee, na harusi zetu zikajaa mashindano ya ndani, wanawake kwa wanawake, nani amevaa cha nani na kwa bei gani, tunafanya walivyofanya watawala wa Edo: tunaifukuza israfu kutoka barazani ikaingia ukumbini.

VAZI LA KUTOKEA LIKAFANYWA LA CHUMBANI

Miongoni mwa wageni wa Ulaya walioivaa kimono mapema walikuwa Waholanzi. Katika karne ya 17 wafanyabiashara wa kampuni yao walipewa majoho ya namna hiyo na mtawala wa Japani kuwa zawadi. Walipofika nayo kwao, matajiri wakayapenda wakayavaa majumbani kwa kustarehe. Yalipokuwa hayatoshi, ikawa majoho ya mfano huo kushonwa kwa vitambaa vya chapa vya Bara Hindi. Tangu siku hizo vazi ambalo kwa wenyewe lilikuwa la kutokea mbele za watu likawa kwa Mzungu vazi la chumbani.

Katika karne ya 19, baada ya Japani kulazimishwa kufungua bandari zake, mapenzi ya vitu vya Kijapani yalishika Paris. Mwaka 1876 mchoraji Claude Monet alionyesha picha kubwa ya mkewe Camille amevaa joho jekundu la Kijapani lililotariziwa, ameshika kipepeo, kichwani amewekewa nywele za bandia za rangi ya dhahabu ili ajulikane kuwa si Mjapani. Ni picha yenye rangi za kupendeza, lakini mwanamke yule anachezea nguo, haivai. Joho la heshima limekuwa kitu cha michezo. Na kutoka huko ikaenea Ulaya na Marekani dhana ya kwamba kimono ni nguo laini ya kujitupia baada ya kuoga, na mwanamke wa Kijapani ni pambo la kustarehesha wanaume.

Picha hiyo imo katika jumba la makumbusho la Boston, Marekani. Mwaka 2015 jumba hilo lilionyesha mfano wa lile joho na kuwakaribisha wageni walivae wapigwe picha. Vijana wenye asili ya Asia wakaandamana kwamba huko ni kudharau watu wa mashariki. Wajapani wengine nao wakasema hawaoni ubaya wowote. Wanapenda kimono ivaliwe. Jumba likaacha kuwavisha watu. Kila upande uliona sehemu ya kweli. Hakuna ubaya mgeni kuvaa nguo ya wenzake. Ubaya ni kuivaa kwa mzaha ule ule wa mwaka 1876.

Kisha ukaja mwaka 2019. Mwanamke mashuhuri wa Marekani, Kim Kardashian, alitangaza biashara ya nguo za ndani za kubana mwili, akaiita Kimono, na akaomba jina hilo liandikishwe kuwa alama yake ya biashara. Meya wa Kyoto, Daisaku Kadokawa, alimwandikia barua ya adabu akimweleza kwamba jina hilo ni la wote waipendao kimono, na si haki mtu mmoja kulimiliki. Baada ya siku chache mwanamke huyo akatangaza kulibadilisha.

Nimependa barua ile kwa sababu haikusema "msiiguse nguo yetu". Ilisema msilifanye jina la wote kuwa mali ya mmoja. Fikiri, msomaji, lau mtu angeandikisha "buibui" kuwa jina la biashara ya nguo za kuogelea. Tungekasirika, si kwa kuwa ametuibia kitambaa, bali kwa kuwa amelitwaa neno lenye stara ndani yake akalitia kinyume chake. Jambo hilo hilo, kwa kiasi kidogo, ndilo tunalolifanya tunapoliita "kimono" vazi lisilofunga.

WENYEWE WALIPOIACHA

Tusije tukadhani Wajapani wamedhulumiwa na wageni tu. Wenyewe nao waliiacha. Mwaka 1872 serikali yao iliamuru mavazi ya Kizungu kwa sherehe rasmi za maofisa. Mwaka 1887 mke wa mfalme wao alitoa waraka wa kuwahimiza wanawake nguo za Kizungu, lakini akasisitiza zishonwe kwa vitambaa vya nchini. Wanaume wa mijini walitangulia kubadilika. Wanawake wengi walibaki na kimono kwa miaka mingine mingi. Katika miaka ya 1920 viwanda vilitoa hariri za bei nafuu ziitwazo meisen, zenye michoro mikubwa, na wasichana wa maofisini na madukani wakazivaa kila siku. Hapo kimono ilikuwa bado nguo ya watu.

Ukaja wakati wa vita. Katika miaka ya 1930 zilishonwa kimono za watoto wa kiume zenye michoro ya ndege za kivita, vifaru na mizinga. Mama alimvisha mwanawe bunduki kabla hajajua kutamka. Zimehifadhiwa katika makumbusho, na mtu akizitazama anatetemeka, kwa sababu kushona ni kuzuri na rangi zimekaa vizuri. Uzuri wa kazi hauisafishi nia ya kazi. Mwaka 1940 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kutengeneza na kuuza vitu vya anasa, na wanawake wakashona suruali za kazi kutokana na kimono zao za zamani.

Baada ya vita kimono ilirudi, lakini haikurudi jikoni wala sokoni. Ilirudi kwenye arusi, maziko, na siku ya vijana ya mwezi wa Januari, ambapo wasichana huvaa kimono za mikono mirefu zinazovaliwa na ambao hawajaolewa. Wauzaji wakaona faida katika hariri na shughuli, wakaiacha pamba na siku za kawaida. Bei zikapanda. Kuanzia miaka ya 1960 zikafunguliwa shule za kufundisha watu namna ya kuvaa nguo ya bibi zao, kwa ada na vyeti. Siku hizi wasichana wengi hukodi. Mwezi wa Januari mwaka 2018, siku yenyewe ya sherehe, kampuni moja ya kukodisha ilifunga milango yake huko Yokohama, na mamia ya wasichana waliokwisha lipa wakabaki hawana cha kuvaa. Nchi nzima ilisikitika. Lakini swali kubwa ni hili: ilikuwaje vazi lililokuwa likirithiwa sandukuni likawa kitu cha kukodi kwa siku moja?

Vazi likiachiwa sherehe peke yake huwa ghali, na likiwa ghali masikini hutoka ndani yake. Hatimaye huishia ukutani. Kulikuwa na msanii mkubwa, Itchiku Kubota, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2003. Alipitia utumwa wa vita huko Siberia, akarudi, akatumia miaka mingi kufufua ufundi wa kale wa kutia rangi, mpaka akafika kutengeneza kimono ambazo zikipangwa safu huwa mandhari moja ya mlima na machweo. Makumbusho yake yako karibu na mlima Fuji, tangu mwaka 1994. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Hata hivyo nguo hizo hazina mvaaji, na vazi lisilo na mvaaji ni habari za vazi.

Palipo na uhai wa kimono leo, naona mimi, ni kwingine: kwa vijana wanaonunua kimono kuukuu madukani kwa bei ndogo, kwa wavaao yukata, ile kimono nyepesi ya pamba ya siku za joto, wakatoka nayo na marafiki, na kwa wafumaji wa vijijini, kama wale wa mkoa wa Niigata wanaotandaza kitambaa cha nyuzi za mmea wa rami juu ya theluji ili jua likifanye cheupe, kazi iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009.

NA SISI JE?

Sisi wa pwani si wageni kabisa wa mafundi hawa. Katika miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilipigwa chapa Japani. Wafanyabiashara wa kwetu walipeleka michoro na majina, na doti zikarudi kwa meli zimekamilika: pindo, mji na jina, kwa Kiswahili kisichokuwa lugha ya waliozipiga chapa. Bibi zetu walizaliwa, wakaolewa na wakalea ndani ya kanga hizo. Wajapani hawakuipunguza pindo wala hawakulifuta jina. Waliitengeneza kanga ikawa kanga. Hiyo ndiyo amana katika kushughulika na nguo ya watu wengine, na inafaa nasi tuwarudishie.

Ama hukumu ya sheria, wanaohofia kujifananisha wana msingi, kwani imepokewa na Abu Dawud hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayoonya kwamba anayejifananisha na watu huhesabiwa miongoni mwao. Lakini wanazuoni wameeleza kuwa linalokusudiwa ni yale yanayohusu dini zao na alama zao mahsusi. Kimono si joho la kuhani; limevaliwa na wavuvi, wakulima na wauza samaki. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Mughira bin Shu'ba kwamba Mtume (s.a.w.) katika safari ya Tabuk alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba, hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Sham siku hizo ilikuwa ya Warumi. Basi ugeni wa mshono peke yake si haramu.

Mizani iliyobaki ni ile tunayoijua: je, imesitiri? Je, haina israfu wala majivuno? Na kwa wanaume, je, si hariri? Ile abaya ya wazi, ikivaliwa juu ya kanzu pana iliyofunika, na mtandio juu yake, ni nguo kama nguo nyingine, na asiwepo wa kumhukumu mvaaji wake kwa jina la Japani. Ikivaliwa juu ya nguo ya kubana, ikawa upepo ukivuma kila kitu kinaonekana, basi haiwi buibui kwa kuwa nyeusi, wala haiwi kimono kwa kuitwa hivyo.

Nina shauri moja kwa mama aliye dukani na binti yake. Usimkemee mbele za watu, wala usikubali kwa kuchoka. Nunua kitambaa, nenda naye kwa fundi, umwambie: "Mshonee kimono, lakini iwe kimono ya kweli. Mwongezee vile vipande viwili vya mbele ili vipishane, na mshipi wa kufungia. Na mshono uache mpana kwa ndani, apate kuivaa na mdogo wake." Binti atapata mtindo aliokuwa akiutaka, nawe utapata stara uliyokuwa ukiitaka, na kitambaa hakitapotea. Atakapokuuliza kwa nini vipande hivyo ni muhimu, mweleze habari za jora la mita 12, na za kushoto juu ya kulia, na nani huvishwa kinyume chake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuvae kwa stara na shukurani, na atuvishe vazi la taqwa sisi na vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.